Maneno yetu yanapita juu ya vichwa vyetu: nani anayasikiliza?

Hotuba kwa vijana wa Kalemie, mu mkutano wetu juu ya simu, intaneti na haki za raia

 

Najua kuna wenye kuwaza: maji ya robine haitoki kila siku, umeme unakatika, barabara ya Nyunzu tunaijua ilivyo, na huyu kijana anatuletea mambo ya satelite. Nawaelewa. Mimi mwenyewe nilimaliza chuo kikuu mu mambo ya rezo na hadi leo niko shomeri, diploma imelala kabatini. Lakini njo kwa sababu nilisoma mambo haya ninaona niko na deni kwenu. Kuna kitu kinatuhusu sote, na hakionekani kwa macho.

Nakisema mwanzoni, ili hata mwenye kuondoka mapema aondoke nacho: sehemu kubwa ya maneno ya raia wa jimbo letu inasafiri hewani, na maneno yanayosafiri hewani bila kufungwa kwa ufunguo ni mali ya kila mtu mwenye chombo cha kuyapokea. Kuyafunga kunawezekana. Si kazi ya ajabu. Na ni haki yetu. Basi tuidai.

Tuanze na foni

Wazee hapa wanaikumbuka foni. Kabla ya simu za mkononi, mtu wa Kalemie aliyetaka kuongea na ndugu yake wa Manono au wa Kongolo alienda kwa mapadri, ku reli, au kwa mfanyabiashara mwenye mashini ya foni. Unangoja zamu yako, unabonyeza mikro, unasema, unaachilia, unasikiliza. Mpaka leo vituo vingi vya afya vya mbali bado vinaitumia.

Na kila mtu alijua sheria ya foni: hauko peke yako. Unapoongea na Manono, mwenye foni wa Kabalo naye anasikia, na wa Moba anasikia, hata mtu usiyemjua ambaye amefungua mashini yake kwa ile fasi ya mawimbi. Njo maana mfanyabiashara hakusema, "Nimetuma dola elfu tatu kwa mkono wa fulani." Alisema, "Mtoto anakuja na treni, mumupokee vizuri." Kila familia ilikuwa na maneno yake ya kuficha.

Wazee wetu hawakusomea usalama wa mawasiliano, lakini waliujua msingi wake: kitu kinachosafiri hewani, hauchagui nani atakisikia, unachagua tu kama atakielewa. Hotuba yangu yote iko ndani ya neno hilo.

Simu ya leo ni foni iliyojificha

Sasa mtu ataniambia: "Foni ilikuwa zamani, leo niko na simu yangu, namba yangu, ni mimi na yule ninayemupigia tu." Hapana. Tuangalie njia ambayo neno linapita.

Mama mmoja yuko kijijini mu teritware ya Nyunzu. Anampigia mtoto wake hapa Kalemie. Neno linatoka ku simu yake, linaruka hewani mpaka ku antene ya kijiji. Hiyo ni safari ya kwanza. Lakini antene ya kijiji haiongei na Kalemie moja kwa moja. Inapaswa kufikisha neno ku mashini kubwa za kampuni, na hizo ziko mbali, mu miji mikubwa. Fasi kuna kebo ya fibre, neno linapita ardhini. Fasi kuna milima na minara mingine karibu, linaruka kutoka mnara mpaka mnara. Fasi hakuna kimoja wala kingine, wanaweka sahani nyeupe chini ya antene, inaangalia juu. Hiyo sahani inaitwa VSAT. Neno la mama linapanda mpaka ku satelite, karibu kilometa 36,000 juu ya ikweta, kisha linashuka. Njo maana mukiongea na kijiji fulani munasikia kimya kidogo kabla ya jibu: kupanda na kushuka peke yake kunakula karibu robo ya sekunde.

Sasa sikilizeni kitu cha maana. Neno likipanda, linapanda kwa mshale mwembamba. Lakini likishuka, halishuki ku sahani moja. Satelite iko mbali sana, na mwanga wake wa mawimbi unafunika inchi nzima, mara nyingine sehemu kubwa ya bara. Ni kama mvua: haichagui paa. Kila mwenye sahani chini ya ule mwanga anapokea maji yale yale.

Munakijua kitu hicho tayari. Angalieni parabole za televisheni ku paa zetu. Picha za Canal+ zinashuka ku paa ya kila mtu, aliyelipa na asiyelipa. Asiyelipa haoni mpira kwa sababu gani? Si kwa sababu picha haikumufikia. Imemufikia. Ila imefungwa, na ufunguo uko ndani ya karte ya mwenye kulipa. Karte ikiisha, mpira unashuka bado ku paa yako, lakini ni kelele tupu.

Basi swali langu kwenu, wandugu: kama kampuni zinajua kufunga mpira ili asiyelipa asiuone, kwa nini neno la mama wa Nyunzu lishuke bila kufungwa?

Wameijaribu, na wamesikia

Mutaniambia naogopesha watu bure. Hapana, iko mambo yaliyochunguzwa na kuandikwa.

Mu mwaka 2020, mtafiti mmoja wa chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, James Pavur, alionyesha mbele ya wataalamu kile alichopokea kwa vifaa vya kawaida vya televisheni ya nyumbani, vya karibu dola 300. Alipokea intaneti ya satelite ya meli za baharini na ya ndege: barua, majina, habari za wasafiri na za wafanyakazi wa meli. Hakuvunja mlango wowote. Mlango haukuwa na kufuli.

Mu mwezi wa kumi 2025, watafiti wa chuo kikuu cha California kule San Diego pamoja na wa chuo kikuu cha Maryland, Marekani, walitangaza kazi ya miaka 3. Waliweka sahani moja ku paa ya jengo la chuo, vifaa vyote vya karibu dola 800, wakaangalia satelite 39. Karibu nusu ya mawasiliano waliyoyachunguza yalikuwa wazi. Na walichokipata kinatugusa sisi: waliona safari ile ile niliyowaeleza, ya antene za mbali kuelekea mashini za kampuni. Mu masaa 9 tu walipata namba za simu za watu zaidi ya 2,700 wa kampuni kubwa ya Marekani, T-Mobile, pamoja na ujumbe na maneno yao. Walipata habari za jeshi la Mexico. Walipata habari za kampuni ya umeme ya Mexico.

Walipoonya makampuni, mengine yalifunga milango haraka, T-Mobile ikiwa mojawapo. Maana yake funguo zilikuwepo siku zote. Hazikuwa zimewashwa.

Dola 800! Ni chini ya bei ya pikipiki mpya hapa kwetu. Kama Marekani na Mexico waliachwa wazi namna ile, na hakuna aliyejua mpaka wanafunzi na walimu wao wapande ku paa, sisi wa Tanganyika tuko na haki ya kuuliza maswali.

Ufunguo unaishia wapi?

Mtu atasema: "Lakini nilisikia simu imefungwa kwa siri." Ndiyo, lakini kufuli linaishia wapi? Hapo njo kuna kazi.

Kwenye simu ya kawaida ya 2G, ile ya bitufe ambayo mama zetu wengi wanatumia, maneno yanafungwa kati ya simu na antene. Kufuli lenyewe ni la zamani, wataalamu walikwisha kuonyesha namna ya kulivunja. Lakini hata lingekuwa la chuma, linaishia ku antene. Kuanzia antene kwenda mbele, kampuni njo inaamua kama itafunga tena ama itaacha wazi. Hata ku 4G, kifuniko cha kulinda safari ya kutoka antene mpaka mashini kubwa kipo, kinaitwa IPsec, lakini uamuzi wa kukiwasha uko mikononi mwa kampuni.

Kwa hiyo simu ya kawaida, SMS, na zile kodi za nyota na diyeze tunazobonyeza kwa kutuma pesa, na PIN yako ndani yake, ulinzi wake kati ya antene na kampuni unategemea uamuzi wa watu ambao hatujawahi kuwauliza.

WhatsApp na Signal ni mambo mengine. Pale ufunguo uko ndani ya simu yako na ndani ya simu ya mwenzako tu. Neno linafungwa kabla ya kutoka mkononi mwako na linafunguliwa mkononi mwake. Hata likishuka ku paa ya dunia nzima, ni kelele tupu, kama mpira kwa asiye na karte. Lakini hata hapo kitu kimoja kinabaki: nani aliongea na nani, saa ngapi, kutoka fasi gani. Neno limefungwa, bahasha inaonekana.

Na bahasha peke yake inaweza kuua. Tarehe 21 mwezi wa ine 1996, kiongozi wa Chechnya, Dzhokhar Dudayev, aliuawa kwa kombora wakati alikuwa anaongea ku simu ya satelite. Hawakuhitaji kuelewa anasema nini. Ilitosha kujua mawimbi yanatoka wapi.

Mu inchi yetu ya mashariki wengi wanaijua simu ya Thuraya. Mtu akiwa nayo, watu wanasema, "Huyu ako salama, hapiti ku antene yoyote." Mu 2012 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, walizifungua siri za kufuli mbili za simu za satelite, GMR-1 na GMR-2. Ile ya kwanza njo ya Thuraya. Walionyesha kwamba kufuli zile zilikuwa dhaifu sana. Zilitengenezwa kwa siri, hakuna fundi wa nje aliyeruhusiwa kuzijaribu, na kufuli ambalo halijajaribiwa na wengi haliaminiki, hata mwenye kuliuza akilisifu namna gani.

Nani anateseka kama tukiacha wazi?

Tarehe 30 mwezi wa sita 2022 MONUSCO iliondoka mu jimbo letu. Kila mtu ako na mawazo yake juu ya MONUSCO, sitaki tugombane leo. Lakini tangu waondoke, kazi ya kutoa alerte imebaki zaidi mikononi mwa raia wenyewe: shefu wa kijiji, mwalimu, infirmier, mwanamke wa kikundi cha amani, kijana wa muvema kama yetu. Anaona watu wenye silaha wanapita, anapiga simu. Anataja njia, anataja majina, na namba yake inaonekana.

Huyo mtu njo ninayemuwaza. Si waziri, si general. Hao wako na mafundi wao. Nawaza mtu ambaye ametaja jina ku simu ya kitufe usiku, na asubuhi anapaswa kwenda shambani kwa njia ile ile.

Wengine watasema watu wa msituni hawana mashini za kupokea satelite. Labda leo hawana. Lakini bei ya kifaa inashuka kila mwaka, na mwenye pesa ya madini anaweza kununua fundi pamoja na kifaa chake. Na msikilizaji si lazima awe msituni. Anaweza kuwa mji mwingine, inchi nyingine, mradi ako chini ya mwanga wa satelite ile ile. Mfanyabiashara anayetaka kujua bei ya mwenzake. Mtu anayetafuta habari za lithium ya Manono. Mwizi wa PIN. Mtu wa siasa anayetaka kujua tunakutana wapi.

Wazeni pia zone za afya. Habari za wagonjwa zinatumwa kila mwezi, na fasi nyingi zinapita ku VSAT. Ndani yake kunaweza kuwa habari za mtu mwenye SIDA, za msichana aliyebakwa. Habari hizo zikianguka hewani bila ufunguo, tumemubaka mara ya pili.

Na Starlink?

Vijana watauliza juu ya Starlink, najua. Mu mwezi wa tatu 2024, ARPTC, lile shirika la serikali linalosimamia simu na posta, ilikataza vifaa vyake mu inchi, na hofu moja iliyosemwa ilikuwa kwamba waasi wa mashariki watavitumia. Mu mwezi wa tano 2025 kampuni ikapewa ruhusa. Leo tunaona sahani zake ku paa za watu.

Satelite za Starlink ziko chini zaidi, karibu kilometa 550, na mwanga wa kila moja unafunika eneo dogo kuliko ule wa satelite za zamani. Kampuni inasema njia kati ya sahani na satelite imefungwa kwa ufunguo. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini musilale. Kwanza, kufuli ile inaishia ku milango ya kampuni. Yenyewe inaona bahasha zote. Pili, wengi wetu hatuna sahani yetu. Tunanunua masaa kwa mtu ambaye ametia Starlink na kugawa wifi kwa kartiye. Kama neno la siri la wifi ni moja kwa watu mia, na mashini yake haijabadilishwa kitu tangu itoke mu karto, basi umefunga mlango wa mbinguni na kuacha dirisha la nyumba wazi.

Hilo si neno la kuchekesha. Tarehe 24 mwezi wa pili 2022, siku Urusi iliingia Ukraine, rezo ya satelite ya kampuni Viasat ilipigwa. Hawakuigusa satelite hata kidogo. Waliingia kupitia mlango wa chini, mashini moja ya kuingilia kwa mbali ambayo haikuwekwa vizuri, wakatuma amri ya kufuta modemu za wateja. Maelfu na maelfu ya modemu zilikufa mu Ulaya. Ujerumani, mashini 5,800 za umeme wa upepo zilipoteza mawasiliano na wasimamizi wake. Satelite ilibaki juu, nzima, inaangalia tu. Ku mambo ya satelite, mara nyingi udhaifu uko chini, ardhini, kwetu.

Majibu kwa wenye kupinga

Neno la kwanza tutakalosikia: "Kufunga kunapunguza mwendo wa rezo." Kuna ukweli ndani yake. Kwa sababu satelite za juu zinachelewa, makampuni yanaweka mashini za kuharakisha ambazo zinapaswa kuangalia ndani ya bahasha. Ukifunga kabla ya mashini hiyo, haioni tena, na intaneti inakuwa nzito. Lakini jibu lake linajulikana: funga baada ya mashini ya kuharakisha, kati ya modemu ya kijiji na kituo kikubwa cha kupokea. Modemu nyingi zina uwezo huo. Mara nyingine unalipiwa leseni, mara nyingine ni kuuwasha tu. Basi shida inakuwa ya pesa, na pesa tunalipa sisi kila tunaponunua unite na mega.

Neno la pili: "Serikali inapaswa kusikiliza wabaya." Sikieni, katiba ya inchi yetu ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya siri ya barua zake, ya simu zake na ya mawasiliano mengine yote, na haki hiyo inaguswa tu fasi sheria inaruhusu. Serikali ikiwa na sheria, inapita mlango wa mbele wa kampuni, kwa karatasi. Haihitaji neno la raia limwagike hewani. Tundu lililoachwa wazi kwa askari wetu liko wazi pia kwa adui wa askari wetu. Jeshi la Mexico limejifunza.

Neno la tatu njo linaniuma zaidi: "Sisi ni wadogo, mambo ya satelite ni ya wazungu." Wandugu, jimbo hili linajua habari za mbingu tangu zamani. Mu miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliipa kampuni ya Ujerumani, OTRAG, eneo la karibu kilometa mraba 100,000 mu Shaba ya Kaskazini, upande wa mto Luvua, ijaribu roketi za bei ndogo za kupeleka satelite. Tarehe 17 mwezi wa tano 1977 roketi ya kwanza iliruka. Mu mwezi wa sita 1978 ya tatu ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mu 1979 kazi ikafungwa. Udongo ulikuwa wetu, mbingu ilikuwa yetu, na mtu wa Luvua hakuulizwa kitu. Leo roketi haziko, lakini namna ya kufanya imebaki ile ile: mambo yanapita juu yetu, mikataba inasainiwa mbali, na sisi tunaambiwa tununue unite.

Nani alisema raia hawawezi? Tulipokatwa unite kwa ajili ya ile kodi ya RAM, tuliambiwa pia ni mambo ya mafundi na ya serikali. Raia walikataa, vijana waliingia barabarani, watu wakaongea mpaka bungeni, na mu 2022 kodi ile iliondolewa. Hakuna aliyekuwa injiniya wa kwanza. Ilitosha kuuliza: pesa inakwenda wapi? Leo tunauliza: maneno yanakwenda wapi?

Tunachodai

Kwa makampuni ya simu yanayofanya kazi mu teritware 6 za Tanganyika: semeni kwa maandishi, antene gani zinapita ku satelite, na kama njia hiyo imefungwa kutoka antene mpaka mashini zenu. Kama haijafungwa, toeni tarehe ya kuifunga. Hatuombi mutuonyeshe ufunguo. Tunauliza kama kufuli lipo.

Kwa ARPTC: mutie ndani ya kila ruhusa ya satelite sharti la kufunga mawasiliano ya raia, na mutume mafundi wenu kujaribu kama wale wa San Diego walivyojaribu, kwa sahani ya dola 800. Halafu mutangaze matokeo. Sheria ya simu ya 2020 na kodi ya numerike ya 2023 ziko. Zisikae mu droo.

Kwa serikali ya jimbo na wabunge wetu: muwaite wakubwa wa makampuni, muwaulize mbele ya raia. Na habari za afya na za alerte zisitumwe tena kwa njia isiyofungwa.

Kwa mashirika yenye VSAT hapa mjini: badilisheni neno la siri lililotoka kiwandani, wekeni programu mpya za modemu, na majina ya watu wanaowapa habari yasipite ku SMS ya kawaida.

Kwa sisi wenyewe: alerte ipite ku Signal ama WhatsApp kila fasi kuna intaneti. Fasi haiko, turudi ku hekima ya foni: tukubaliane maneno yetu kabla, jina la mtu lisitajwe, fasi ya mtu isitajwe. PIN isitumwe ku SMS hata kwa mke wako. Anayegawa wifi kwa kartiye abadilishe neno la siri na kuweka lake kwa kila mteja akiweza. Na wale tuliosoma mambo haya na tuko nyumbani, tuko wengi mu mji huu, tupange zamu ya kupita ku vituo vya afya, ku shule na kwa vikundi vya mama, tuwaonyeshe bila kulipwa. Kazi ya mshahara itakuja siku yake. Kazi iko tayari.

Barua kwa makampuni na kwa ARPTC imeandikwa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na iko hapa mezani. Isomeni kwanza. Mukiona neno baya, mukosoe. Mukiona ni nzuri, muweke sahihi, na kila mmoja achukue karatasi moja ya kupeleka kwao: Moba, Manono, Kabalo, Kongolo, Nyunzu. Yule mama wa kijijini aweze naye kuweka kidole chake, kwa sababu neno ni lake.

 Maswali sasa.